Nusu dozi: kosa si la mgonjwa peke yake

Katika maduka mengi ya dawa ndani na kandokando ya makazi ya wakimbizi, mteja haulizwi cheti cha daktari. Anaulizwa ana shilingi ngapi. Mwenye pesa kidogo hufungiwa vidonge vinne vya amoksilini kwenye karatasi. Anameza viwili, anapata nafuu, viwili anamwekea mtoto.

Hapo ndipo usugu wa dawa unapopata nafasi. Wengi hudhani ni mwili uliozoea dawa. Sivyo, ni bakteria waliobadilika. Antibiotiki ikitumiwa ovyo, bakteria dhaifu hufa, wanaoistahimili hubaki na kuzaana. Kisha huhamia kwa jirani, hata kama yeye hajawahi kumeza kidonge hicho.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la The Lancet ulikadiria kuwa usugu huu uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019. Kiwango cha vifo kilikuwa cha juu zaidi Afrika kusini mwa Sahara.

Kwa mgonjwa wa Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, maana yake ni kwamba maambukizi ya mkojo yaliyokuwa yakiisha kwa vidonge yanaweza kudai sindano za siku kadhaa, pengine na rufaa hadi Mbarara. Nauli atatoa wapi, na watoto atamwachia nani?

Tumezoea kuambiwa, "Maliza dozi." Ni kweli, lakini haitoshi. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilisitisha mgao kwa takriban wakimbizi milioni 1 nchini Uganda kwa kukosa fedha. Mama anayechagua kati ya unga na dawa atanunua nusu dozi. Kliniki ikiishiwa dawa, atarudi dukani. Pasipo maabara ya kupima bakteria, mhudumu naye hukisia. Maji yakiwa haba, maambukizi huongezeka, kwa mkimbizi na kwa mwenyeji, maana wanatibiwa kliniki moja.

Septemba 2024, viongozi katika Umoja wa Mataifa waliahidi kupunguza vifo vya usugu wa dawa kwa asilimia 10 ifikapo 2030. Ahadi hiyo tutaipima kwa dawa zilizopo kliniki na maji yanayotoka bombani.

Wakati tukiidai, yapo yaliyo mikononi mwetu. Mafua huletwa na virusi, antibiotiki haiyatibu. Mtoto anayeharisha kwa kawaida anahitaji ORS na zinki. Ukiona damu kwenye choo, mpeleke kliniki haraka. Homa ipimwe malaria kwanza. Dawa ya mwenzako usiitumie. Na kama pesa haitoshi dozi nzima, mwambie mhudumu wa afya kabla hujanunua nusu. Si aibu.