Bundi, Fereti na Ghala la Mkulima: Lugha Yetu Ina Hatia Gani?

Paka akiondoka, panya hutawala. Methali hii tumeifundisha na kufundishwa mara nyingi, tukaieleza maana ya nje na maana ya ndani, kisha tukapita. Ni nadra sana kwetu sisi wapenzi wa Kiswahili kujiuliza habari za panya mwenyewe, yule anayemtia mkulima hasara. Suala hilo tumewaachia wataalamu wa kilimo, nao hulijadili zaidi kwa Kiingereza. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba panya wa shambani anatuhusu kuliko tunavyodhani. Hoja yangu ni kuwa mkulima wetu hana haja ya kuagiza mwindaji wa panya kutoka ughaibuni, kwani mwindaji huyo yuko juu ya mti wake. Kinachomzuia kumtumia ni maneno, na maneno hayo sisi ndio tunaoyatunza na kuyafundisha.

Kwanza, tuutazame ukubwa wa tatizo. Panya shamba, ambaye ametapakaa sehemu nyingi za Afrika Mashariki, hubeba mimba kwa muda wa wiki tatu hivi, na mara nyingi huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja. Hufukua mbegu kabla hazijaota, huguguna mahindi yakiwa bado shambani, kisha huyafuata hadi ghalani, ambako mkojo na kinyesi chake huharibu hata kile ambacho hakukila. Isitoshe, panya hueneza maradhi. Tauni inajulikana tangu kale. Mnamo mwaka wa 2022, mkoa wa Lindi nchini Tanzania ulikumbwa na homa ya mgunda, ugonjwa ambao panya ni miongoni mwa wanyama wanaoueneza kupitia mkojo wao. Jina la ugonjwa huo ni funzo tosha: mgunda ni shamba.

Mkulima aliyechoshwa hukimbilia sumu. Hata hivyo, sumu haichagui. Iliyowekewa panya huweza kuliwa na kuku, mbwa, na hata mtoto. Aidha, panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Huzubaa, akapepesuka peupe, na kwa hiyo huwa mawindo rahisi kwa paka au ndege. Sumu ile ile humwua na mwindaji. Hivyo basi mkulima hujikuta amewapunguza panya kwa muda tu, na papo hapo amewaangamiza wale ambao wangemsaidia kuwadhibiti msimu ujao.

Ndiposa baadhi ya watu huvutiwa na mfano wa Ulaya, ambako hutumiwa mnyama aitwaye fereti. Fereti ni mnyama mdogo, mwembamba, mwenye kiwiliwili kirefu na miguu mifupi, na ni wa ukoo mmoja na kicheche wetu. Wanadamu wamemfuga kwa yapata miaka 2,000 au zaidi. Pliny Mkubwa, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alitaja mnyama aliyetumiwa kuwinda sungura mashimoni, na wasomi wengi humtambua mnyama huyo kuwa fereti. Huko Uingereza, wakulima wamemtumia kwa karne nyingi dhidi ya sungura na panya.

Namna anavyofanya kazi inastahili kuzingatiwa. Kwa kawaida fereti haachwi ahangaike na panya peke yake. Mfugaji humtia katika tundu moja baada ya kuyachunguza matundu mengine yote. Panya wakishanusa harufu yake hutoka mbio, na nje hukutana na mbwa wadogo wepesi au nyavu zilizotegwa. Fereti hufukuza, mbwa huua, na mtu husimamia. Kazi ikiisha, fereti hurudishwa kizimbani, akapewa nyama na maji. Panya mkubwa aliyebanwa shimoni huweza kumjeruhi vibaya, kwa hiyo mfugaji hana budi kumkagua kila mara. Kwa ufupi, nguvu ya fereti imo katika ushirikiano wake na binadamu anayemjua na kumtunza kila siku.

Ushirikiano huo ukikosekana, mambo huenda mrama. Katika miaka ya 1880, walowezi wa New Zealand waliokuwa wamezidiwa na sungura waliwaachilia huru fereti na jamaa zake wawili, ijapokuwa wataalamu wa ndege waliwaonya. Sungura hawakwisha. Ndege wa nchi ile, baadhi yao wasioweza kuruka kama vile kiwi na kakapo, ndio walioliwa. Majuto ni mjukuu: mnamo mwaka wa 2002 nchi hiyo ilipiga marufuku kuuza na kuzalisha fereti, na mwaka wa 2016 serikali ikatangaza azma ya kuwaangamiza wanyama hao pamoja na panya kufikia mwaka wa 2050. Nguchiro naye ana kisa kama hicho. Mnamo mwaka wa 1872, nguchiro tisa walipelekwa Jamaica kutoka India ili wawale panya wa mashamba ya miwa. Mwanzoni walisifiwa, na mwaka wa 1883 wazao wao wakapelekwa Hawaii. Kumbe nguchiro yule huwinda mchana, ilhali panya hutembea zaidi usiku! Mayai na vifaranga vya ndege wa visiwa hivyo vikawa ndicho chakula chake.

Je, fereti angetufaa hapa Kenya? Sidhani. Joto kali humdhuru upesi, kwa hiyo Pwani na Kaskazini Mashariki si makao yake. Hula nyama kila siku, jambo ambalo ni mzigo kwa mkulima wa ekari mbili. Na akitoroka, kuku wa jirani ndio watakaolipa. Anayetaka kumwiga Mwingereza katika hili sharti aige pia kibanda, mbwa, chanjo na karne kadhaa za mazoea.

Tunaye, hata hivyo, bundi. Namzungumzia hasa yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, anayepatikana katika sehemu nyingi za nchi hii. Masikio yake hayakukaa sawasawa kichwani, moja liko juu kidogo kuliko jingine, na kwa sababu hiyo huweza kubaini panya alipo kwa sauti tu, gizani kabisa. Manyoya ya mbawa zake hayavumi anaporuka. Hummeza panya mzima, kisha hutapika kibonge cha mifupa na manyoya. Atakayekifumua kibonge hicho atahesabu mafuvu ya panya kama mhasibu anayekagua risiti. Hadai mshahara wala haombi nyama. Anachohitaji ni mahali pa kutagia na kuepushwa na sumu pamoja na mawe.

Mawe hayo ndiyo yanayonileta kwenye lugha. Katika jamii zetu nyingi, bundi akilia juu ya paa husemwa kuwa analeta habari ya kifo. Watu humfukuza kwa vijinga vya moto, na wengine humwua. Sisi wa Kiswahili tumefanya nini? Tumeichukua imani hiyo tukaipa heshima ya fasihi. Katika insha nyingi za wanafunzi wa shule, mkasa hautokei kabla bundi hajalia. Mwalimu naye huweka alama ya vyema pambizoni, kwa kuwa mwanafunzi ametumia taswira ya mkosi. Mwanafunzi huyo, akirudi nyumbani likizo na kumkuta bundi kwenye mwembe, atafanya nini ila kuokota jiwe? Kicheche naye hakusalimika, kwani jina lake baadhi ya wazungumzaji wamelifanya tusi.

Nitapingwa, na ni haki. Wapo watakaosema kwamba fasihi haina wajibu wa kuwatetea ndege, na kwamba ishara ni ishara. Nakubali. Siombi bundi afutwe katika riwaya wala tamthilia. Naomba tumfundishe kama ishara iliyobuniwa na watu, yenye historia na yenye gharama, badala ya kumfundisha kana kwamba kilio chake ni taarifa rasmi kutoka kuzimu. Wapo pia watakaosema kuwa bundi haingii ghalani. Hilo ni kweli. Ghala lahitaji paka, mlango usio na mwanya, na vizuizi vya bati kwenye miguu ya kihenge. Bundi ni wa shambani, na panya wakishafurika kama mafuriko hatawamaliza peke yake. Lakini mlinzi wa usiku asiyelipwa hafukuzwi eti kwa sababu hawezi kulinda na mchana.

Kwamba imani hubadilika, ushahidi upo. Nchini Israel, mradi wa kuwawekea bundi masanduku ya kutagia mashambani ulianza katika miaka ya 1980, na Jordan ikajiunga mnamo mwaka wa 2002. Huko nako bundi alihesabiwa ndege wa mkosi, ikabidi mafunzo kwa wakulima na watoto yaandamane na masanduku. Hapa kwetu, huko Kiawara katika Kaunti ya Nyeri, wapo wakulima waliokubali kuishi na bundi wakubwa wa Mackinder wanaokaa kwenye magenge yaliyo karibu na mashamba, na wageni huja kuwatazama. Hata panya amewahi kutakaswa jina. Panya buku aitwaye Magawa, aliyefunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya ushujaa kutoka Uingereza mwaka wa 2020 kwa kazi aliyoifanya Cambodia. Ikiwa panya aweza kuitwa shujaa, kwa nini bundi asiitwe mlinzi?

Nina mapendekezo matatu. Mosi, wahadhiri na walimu wanapofundisha taswira na ishara, waulize pia ishara hiyo inamgharimu nani nje ya kitabu. Pili, wanafunzi tunaokwenda nyanjani kukusanya methali na nyimbo tukusanye vilevile majina ya bundi, nguchiro, kicheche na aina za panya katika lahaja na lugha za kwetu, pamoja na maarifa ambayo wakulima wanayo juu ya wanyama hao. Majina hayo yakipotea, maarifa hupotea nayo. Tatu, vyama vya Kiswahili vyuoni vishirikiane na idara za kilimo kutayarisha vijitabu vya ugani kwa Kiswahili chepesi, vyenye maelezo ya kutengeneza sanduku la bundi na hatari za sumu.

Wahenga walisema, Mgala muue na haki yake mpe. Bundi tumemwua bila kumpa haki yake, na mahindi yanaendelea kuliwa. Insha za muhula huu zitaanza kusahihishwa karibuni. Yeyote atakayekutana na bundi anayelia katika ukurasa wa kwanza, asiishie kuweka alama ya vyema, bali amwandikie mwanafunzi swali pambizoni: bundi huyu alikuwa akiwinda nini?