Theluji ya Pamba

Kila Desemba, katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki, pamba hutandazwa juu ya mti wa Krismasi. Nje jua la kaskazi linachoma. Ndani waumini wanajifanya wameganda kwa baridi. Watetezi wa desturi hii hudai kwamba theluji ni sehemu ya mapokeo ya sanaa ya Kikristo. Dai hilo linaonyesha kwamba hawayajui mapokeo yenyewe.

Mwaka 1566 Pieter Bruegel alichora watu wakihesabiwa Bethlehemu. Bethlehemu yake ni kijiji cha Flanders kilichofunikwa na theluji. Watoto wanacheza juu ya barafu, nguruwe anachinjwa, na umati umesongamana penye nyumba ya wageni ili kuandikishwa na kutozwa kodi. Ukutani pana nembo ya ukoo wa Habsburg, watawala wa nchi hiyo. Mariamu amepanda punda, anapita kati ya watu, wala hapana anayemtambua.

Theluji ile haikuwa pambo. Ilikuwa majira ya kwao mchoraji, yenye baridi yake na madhila yake. Bruegel alimleta Kristo hadi mlangoni pa jirani zake. Anayeiga theluji yake amechukua rangi na kuiacha imani.

Elimo Njau hakufanya kosa hilo. Katika miaka ya 1950 alichora maisha ya Kristo kwenye kuta za kanisa la Murang'a, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Kristo wake ni Mwafrika, na anazaliwa na kusulubiwa katika mandhari ya Kiafrika. Njau, asiyechora theluji, ndiye mrithi wa kweli wa Bruegel. Mwenye pamba si mrithi wa yeyote.

Na Pasaka je? Kaskazini mwa dunia huja na machipuko. Kwetu aghalabu huja na masika, mkulima akiwa ameinama kufukia mbegu. Injili ya Yohana inaufananisha ufufuo na punje ya ngano iliyoanguka ardhini. Mfano huo tunao shambani, udongo wake umo kuchani mwetu, lakini kadi tunazotumiana zina sungura na mayai.

Sisi tulio ughaibuni nasi hatuna udhuru. Anayeishi Minnesota ana theluji ya kweli. Basi na aichore. Lakini aichore pamoja na foleni ya alfajiri nje ya ofisi ya uhamiaji, na mama mjamzito aliyekumbatia bahasha ya vyeti, akisubiri jina lake liitwe. Huko ndiko kuhesabiwa kwa Bethlehemu katika zama zetu. Msanii Mkristo anayepita hapo bila kuona, kisha akarudi nyumbani kupamba mti, amepishana na Mariamu njiani.