Chai hujaionja, unaipost ya nini?

Wauzaji wenzangu, niliuza chai ya vanila wiki tatu bila kuinywa. Mteja wa Dar akaniandikia: "Harufu ipo kwenye pakiti, kikombeni hamna kitu." Nikamrudishia elfu kumi na tano yake. Iliniuma, ila alisema kweli.

Nikakaa hapa Nungwi na birika, nikaonja zote bila sukari, maana sukari inaficha. Karafuu ikizidi kidogo tu, ulimi unakufa ganzi kama umetiwa dawa ya jino. Iliki tamu, ila kila mtu anauza. Mchaichai ndo ulinishangaza: tunauchuma uani bure, kumbe ukichanganya na majani ya Mufindi unanoga hata ukipoa.

Mimi naona kusifia usichokionja ni kumdanganya mteja, hata kama hukukusudia. Vanila iliyobaki nainywa mwenyewe.