Mwili ni Amana: Baada ya Kupunguzwa Tumbo



Wako miongoni mwetu waliopasuliwa na kupunguzwa mfuko wa chakula kwa sababu ya unene uliowaletea maradhi. Uzito wao hushuka kadiri ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kisha husimama. Hapo wengi hutaharuki: huyu hujinyima mpaka akadhoofika, yule hudhani kazi imekwisha, akarejea sambusa na soda za kila jioni. Wote wawili wamepotea njia. Mizani ikisimama, kazi ya kupungua imekwisha na imeanza kazi ya kuhifadhi, nayo ni ya umri mzima. Kilo chache zikirudi si ajabu. Zikizidi kupanda, yapasa amwone daktari mapema.

Mwenye hali hii na aanze kwa samaki, yai au kunde, kisha mboga, na wali uwe wa mwisho. Atafune polepole, wala asinywe maji pamoja na chakula. Angoje kadiri ya nusu saa. Vidonge vya vitamini na madini alivyoandikiwa asiviache, na damu ipimwe kila mwaka. Kabla ya Ramadhani amwulize daktari wake, kwani sharia imempa mgonjwa ruhusa.

Nanyi watu wa nyumbani, msimwambie, “Umekonda, ongeza kidogo.” Ukarimu huo humdhuru. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha tubakishe tumboni nafasi ya maji na ya pumzi, basi sahani ndogo isiwe aibu, bali nyumba nzima na iifuate.

Wabillahi tawfiq.