Kituo cha anga za juu na wageni wanaokizuia kuanguka

MELI ya kivita ya Ujerumani, Königsberg, iliyojificha katika mikondo ya delta ya Mto Rufiji mwaka 1914, haikushindwa na mizinga peke yake. Kabla ya mizinga kuifikia, ilikuwa imekwisha kubanwa na upungufu wa makaa ya mawe.

Baada ya kuizamisha meli ya Uingereza, Pegasus, katika bandari ya Zanzibar Septemba 20, 1914, meli hiyo iliingia deltani na kutia nanga karibu na Salale, eneo ambalo leo liko katika Wilaya ya Kibiti, mkoani Pwani. Ilikuwa ikisubiri mitambo yake itengenezwe na mafuta yake yaletwe. Waingereza wakaiziba milango ya mto.

Aprili 1915, meli ya mizigo iitwayo Rubens, iliyosafiri kwa jina la bandia ikijifanya ni ya Denmark, ilifika pwani ikiwa na makaa kwa ajili ya Königsberg. Ilishambuliwa katika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, na makaa hayo hayakufika Rufiji. Julai 11, 1915, baada ya kupigwa na manowari za Uingereza, Königsberg ilizamishwa na mabaharia wake wenyewe pale pale ilipokuwa.

Kisa hicho cha zaidi ya karne moja iliyopita kina funzo kwa jambo linaloyashughulisha mataifa makubwa hivi sasa, nalo ni hatima ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Kituo hicho, chenye uzito wa takriban tani 420 na ambacho kimekaliwa na binadamu bila kukatika tangu Novemba 2, 2000, nacho ni chombo kikubwa ambacho uhai wake umo mikononi mwa wageni wanaokitembelea.

Wakazi wa Kibiti na vijiji vya delta, ambako taa za umeme si nyingi kama za Dar es Salaam, wanaweza kukiona kwa macho kikipita baada ya jua kutua au kabla halijachomoza, mfano wa nyota kali inayokwenda bila kumeta. Anayekitazama hudhani kuwa kimetundikwa huko juu na kwamba hakuna kinachoweza kukishusha. Ukweli ni kinyume chake.

Kituo hicho huizunguka Dunia kwa kasi ya takriban kilometa 28,000 kwa saa, kikimaliza mzunguko mmoja kwa dakika 90 hivi, katika kimo cha kilometa 400 na ushei. Katika kimo hicho hewa haijaisha kabisa. Imebaki chembechembe chache mno, lakini kwa chombo chenye kasi hiyo na chenye mabawa makubwa ya kunasa mwanga wa jua, chembechembe hizo zinatosha kukivuta nyuma kidogo kidogo.

Matokeo yake ni kwamba kituo hushuka daima. Kwa wastani hupoteza kiasi cha kilometa mbili kwa mwezi, yaani makumi ya mita kila siku, na kadiri kinavyoshuka ndivyo kinavyokutana na hewa nzito zaidi na kushuka kwa haraka zaidi.

Jua nalo huongeza tatizo. Linapochacha, kama lilivyofanya mwaka 2024 lilipofikia kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 hivi, hulipasha joto tabaka la juu la angahewa, likatanuka na kupanda. Hewa iliyokuwa chini huifikia njia ya kituo, na breki huzidi kukaza.

Dawa yake ni kukisukuma. Mvuvi wa delta anayepandisha mtumbwi wake dhidi ya mkondo wakati wa masika anajua kwamba akiacha upondo kwa dakika chache atajikuta nyuma ya alikotoka. Kituo cha anga nacho hakina budi kusukumwa kila baada ya muda, na aghalabu anayeshika upondo si mwenye nyumba, bali ni mgeni.

Kazi hiyo hufanyika hivi. Chombo cha mizigo hufika kikiwa na chakula, maji, vipuri na mafuta, kikajifunga kwenye mlango wa nyuma wa kituo. Siku iliyopangwa, injini za chombo hicho huwashwa kwa dakika kadhaa, na kituo kizima husukumwa kuelekea mbele.

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba injini hizo hazielekezwi chini, kama za roketi inayopaa. Huelekezwa nyuma, kwa kuwa kinachokiweka kituo juu ni kasi. Kasi ikiongezeka kwa mita moja tu kwa sekunde, njia ya kituo hupanda kwa wastani wa kilometa moja na robo tatu hivi. Ni nyongeza ndogo kuliko mwendo wa mtu anayetembea, lakini inatosha kurudisha karibu kila kilichopotea kwa mwezi mzima.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kituo kisitumie injini zake chenyewe. Injini zipo, katika sehemu ya Kirusi iitwayo Zvezda iliyorushwa Julai 2000. Lakini haziwezi kubadilishwa kama za gari gereji, na kila zinapowashwa umri wake hupungua. Mgeni huja na injini mpya na mafuta yake, akasukuma, akajaza matangi ya mwenyeji, kisha akaondoka na takataka za nyumba na kuungua nazo angani.

Kwa miaka mingi mgeni mkuu katika kazi hiyo amekuwa chombo cha Urusi kiitwacho Progress. Vyombo vya Marekani vilivyokuwa vikibeba wanaanga navyo vilisaidia hadi vilipostaafishwa mwaka 2011, na Ulaya ilipeleka vyombo vyake vitano vya mizigo kuanzia Jules Verne, kilichorushwa Machi 2008.

Baada ya hapo mzigo mkubwa uliangukia Urusi. Hapo ndipo suala la fizikia lilipogeuka kuwa suala la siasa.

Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine na kuwekewa vikwazo, Dmitry Rogozin, aliyekuwa mkuu wa shirika la anga la nchi hiyo, alihoji hadharani ni nani angekizuia kituo kisiangukie Marekani au Ulaya iwapo ushirikiano ungevunjika. Wengi waliyaona maneno hayo kuwa vitisho vya kisiasa, lakini yalikuwa na msingi wa kiufundi, kwani mwenye upondo ana sauti.

Marekani haikukaa bure. Juni 25, 2022, chombo cha kampuni binafsi kiitwacho Cygnus kilikisukuma kituo kwa dakika tano hivi, baada ya jaribio la siku chache kabla kukatizwa. Novemba 8, 2024, chombo cha Dragon cha kampuni ya SpaceX nacho kilifanya hivyo kwa dakika 12 na nusu, kikainua upande wa chini wa njia ya kituo kwa takriban kilometa moja. Agosti 2025 ikarushwa Dragon nyingine iliyobeba injini na matangi ya ziada mahususi kwa kazi hiyo.

Umuhimu wa kuwa na wasukumaji zaidi ya mmoja ulidhihirika Novemba 27, 2025. Siku hiyo roketi iliyowabeba wanaanga watatu iliondoka salama katika kituo cha Baikonur, nchini Kazakhstan, lakini jukwaa la kuhudumia roketi liliporomoka na kuharibika. Wanaanga walifika, ila njia pekee ambayo Urusi ilikuwa ikiitumia kupeleka wanaanga na vyombo vya Progress katika kituo ikawa imefungwa, na safari ya Progress iliyokuwa imepangwa Desemba ikaahirishwa. Kitu kidogo ardhini kiliweza kutikisa ratiba ya nyumba iliyo kilometa 400 juu.

Je, haya yanamhusu nini mkazi wa Afrika Mashariki? Yanamhusu kwa njia mbili zilizo wazi.

Ya kwanza ni kwamba kanda hii imekwisha kukitumia kituo hicho. Setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliachiwa kutoka humo Mei 11, 2018, na ya Uganda, PearlAfricaSat-1, Desemba 2, 2022. Zote zilipitia katika maabara ya Japani iitwayo Kibo, neno ambalo kwa Kijapani ni matumaini, ingawa Mtanzania hulisikia akakumbuka kilele cha Kilimanjaro. Zote mbili zilibebwa na wageni hao hao, ya Kenya na Dragon, ya Uganda na Cygnus.

Setilaiti hizo hazikuwa na injini wala mgeni wa kuzisukuma. Zikashushwa na hewa ile ile inayokishusha kituo, zikaungua. Hazikufeli, maana ndivyo zilivyopangiwa, lakini ni kipimo cha wazi cha kile ambacho kingekipata kituo kama wageni wasingekuja.

Nje ya maabara hiyo ya Kibo kumefungwa pia kipimo cha NASA kiitwacho GEDI, ambacho tangu mwaka 2019, isipokuwa kipindi cha 2023 hadi 2024 kilipowekwa kando, kimekuwa kikipima urefu wa misitu kwa miale ya leza. Njia ya kituo hupita juu ya nchi zote zilizo kati ya nyuzi 51.6 kaskazini na kusini mwa ikweta, na msitu wa mikoko wa Rufiji, unaohesabiwa kuwa mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki, umo ndani ya eneo hilo. Kwa wilaya zilizokumbwa na mafuriko makubwa Aprili 2024, kuujua msitu unaoulinda mwambao si anasa ya wanasayansi.

Njia ya pili ni ya tahadhari. Kinachopita juu ya Kibiti kinaweza pia kuanguka Kibiti. Kituo cha Skylab cha Marekani, chenye uzito wa zaidi ya tani 70, kilipangiwa kutembelewa na kuinuliwa, lakini chombo cha kukiinua kilichelewa kukamilika huku jua likichacha kuliko ilivyotarajiwa. Mgeni hakufika. Julai 11, 1979, miaka 64 kamili baada ya Königsberg kuzama, Skylab ilianguka na mabaki yake yakatawanyika katika Bahari ya Hindi na magharibi mwa Australia.

Wakenya hawahitaji kukumbushwa mbali hivyo. Desemba 30, 2024, pete ya chuma yenye uzito wa takriban kilo 500 ilianguka katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Haikutoka katika kituo cha anga. Mamlaka za nchi hiyo zilieleza kuwa ilikuwa sehemu ya roketi. Hakuna aliyeumia.

Kwa sababu hiyo, hata kifo cha kituo kinahitaji mgeni. Mir ya Urusi iliteremshwa kwa utaratibu na chombo cha Progress Machi 23, 2001, ikazama katika Pasifiki ya Kusini. Kwa Kituo cha Kimataifa, NASA iliichagua SpaceX Juni 2024 kutengeneza chombo maalumu cha kukivuta chini, kwa mkataba unaoweza kufikia dola milioni 843 za Marekani. Mpango uliotangazwa ni kukitumia kituo hadi mwaka 2030, kisha kukishusha baharini mbali na watu, wakati Urusi imeahidi kushiriki hadi angalau mwaka 2028.

Kati ya tarehe hizo mbili kuna pengo, na ndilo linalopaswa kuangaliwa. Endapo Urusi itajitoa mapema, wageni wa Marekani watabeba peke yao kazi ambayo wameanza kuizoea hivi karibuni tu. Endapo bajeti zitakatwa, ratiba ya kukishusha salama nayo itayumba.

Nchi za Afrika Mashariki, ambazo sasa zina taasisi na wahandisi wa mambo ya anga, hazina kura katika maamuzi hayo, lakini zina haki ya kuuliza ratiba ya wageni ikoje na nani atalipa iwapo mmoja wao hatafika. Chini ya matope ya Rufiji liko jibu la jinsi chombo kizima kinavyoweza kufa kwa kukosa shehena moja ya makaa.