Mtoto Mgeni na Sala Yake

Hapa Misisi dhahabu huita watu kutoka mbali, nao huja na watoto wao. Mtoto hakuchagua safari. Amemwacha bibi yake, rafiki zake na kanisa alimobatizwa. Nasi twamwita “mgeni” hata akikaa miaka mitatu. Tumesahau upesi! Mwaka 1996, vita vilipofika Fizi, wengi wetu tulivuka Ziwa Tanganyika, tukapokewa katika kambi ya Nyarugusu, huko Kasulu. Na tangu mwaka 2015 Warundi waliokimbia kwao wamepokewa Lusenda, katika Fizi yetu hii.

Baba ashinda shimoni, mama ashinda sokoni. Jioni, je, nani asali na mtoto? Tumaini halichimbwi kama dhahabu; mtoto hulipokea kwa mtu aketiye karibu naye.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye kwa majuma mengi hakusema neno. Kisha nikamwomba asali Baba Yetu kwa lugha ya mama yake. Akasali kwa sauti ndogo hata mwisho, na wenzake wote wakaitika Amina. Kesho yake akaniomba chaki.