Namba kwenye chuma: bunduki inayorudishwa Ituri inaweza kusema nini?

Kila mara kundi la wanamgambo linaporudisha silaha Ituri, kitu cha kwanza kinachotangazwa ni hesabu: wapiganaji wangapi, bunduki ngapi, makasha mangapi ya masasi. Watu wa Djugu, Irumu na Mahagi wanafurahi kusikia, na wana haki, maana wamechoka kukimbia na magodoro kichwani. Lakini kuna swali moja ambalo halisikiki sana: ile namba iliyopigwa kwenye chuma cha kila bunduki, nani ameiandika, na ameituma wapi?

Mwenye pikipiki hapa Bunia anaelewa jambo hili haraka. Mwizi anaweza kutoa plaki, kupaka rangi mpya na kwenda kuuza Aru ao Beni, lakini namba ya shasi inabaki, na kwa namba hiyo mtu anaweza kurudi nyuma mpaka kwa muuzaji wa kwanza. Bunduki ni vilevile. Mapatano ya Umoja wa Mataifa ya Desemba 2005 juu ya kufuatilia silaha ndogo yanataka kila silaha itoke kiwandani na alama ya aliyeitengeneza, nchi yake na namba. Ikiingizwa nchi nyingine, nchi hiyo nayo inaombwa kuongeza alama yake, kadiri inavyowezekana.

Shida ni kwamba namba peke yake haisemi kitu. Bastola za zamani za silinda ndizo zinaonyesha hilo vizuri. Wakati wa ukoloni, silaha nyingi za Wabelgiji zilitoka Liège, mji wenye viwanda vikubwa lakini pia karakana ndogo nyingi ambazo mara nyingi hazikuandika hata jina lao. Namba inayoonekana kwenye bastola ya namna ile inaweza kuwa namba ya fundi tu, ya kukusanya vipande ili silinda isichanganyike na ya bastola nyingine. Bastola mbili tofauti zinaweza kubeba 27 zote mbili. Anayetaka kujua umri wake anaacha namba kwanza, anatafuta mhuri wa ofisi ya Liège iliyokuwa inapima silaha: herufi ELG ndani ya umbo la yai. Kama juu ya yai kuna taji, ilipimwa kuanzia 1893. Kama taji haiko, ni ya kabla. Kuanzia 1922 iliongezwa herufi ndogo ya mwaka. Kwa bastola za Colt ao Smith & Wesson za Marekani mambo ni rahisi zaidi, juu vitabu vya kiwanda vimetunzwa: namba inatoa mwaka, na mara nyingine hata duka la kwanza lililonunua.

Na asiseme mtu kwamba bastola ya babu ni kitu cha kale tu. Protokoli ya Umoja wa Mataifa ya 2001 juu ya silaha za moto inasema silaha iliyotengenezwa baada ya 1899 haiwezi hata kidogo kuitwa ya kale.

Lakini silaha inayoua Ituri siku hizi si hiyo. Ni kalashi, na kalashi nayo ina namna yake ya kusomwa. Pembetatu yenye mshale ndani ni kiwanda cha Izhevsk, Urusi. Nyota ni Tula, Urusi vilevile. Pembetatu yenye 66 ndani ni China. Bunduki nyingi za Urusi zimepigwa mwaka wazi, halafu herufi mbili na tarakimu. Hapo ndipo makosa yanaingia. Herufi za Kirusi zinafanana na zetu bila kuwa zilezile: ile inayoonekana kama P ni R, ile inayoonekana kama H ni N. Askari ao karani anayeandika haraka chini ya jua la Djugu anaandika anachoona, na swali likifika Urusi, jibu linarudi kwamba bunduki hiyo haijulikani. Hata nyota inadanganya, kwa sababu nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilizo ndani ya RECSA, shirika la Nairobi linalosimamia silaha ndogo, nazo zinatumia nyota na herufi za nchi kuonyesha kwamba silaha ni ya serikali fulani. Ndiyo maana picha ina faida kuliko maandishi.

Halafu kuna mtego wa tarehe. Watu wanaona 1975 kwenye bunduki na wanasema: hii ni ya Mobutu. Pengine. Zaire ilipata silaha kutoka Ubelgiji, Ufaransa, China na Korea ya Kaskazini. Lakini askari wa Idi Amin nao walikimbia 1979 kupitia West Nile wakaingia Zaire na Sudan na bunduki zao. Jeshi la Uganda lilikaa Bunia mpaka Mei 2003, na makundi ya wakati ule yalipewa silaha kutoka nje. Mwaka uliopigwa kwenye chuma ni mwaka wa kuzaliwa kwa bunduki. Mwaka wa kufika Ituri ni jambo lingine, na bunduki ikitunzwa vizuri inaweza kupita mikononi mwa majeshi matatu kabla ya kufika kwa kijana wa kijijini.

Masasi ndiyo yanasema ukweli zaidi, na ndiyo yanayosahauliwa. Kitako cha ganda kina alama ya kiwanda na, mara nyingi, tarakimu za mwaka: 539 ni Tula, 17 ni Barnaul, 10 ni Bulgaria. Masasi yanatumika na kuisha, kwa hiyo hayazeeki mikononi kama bunduki. Umoja wa Mataifa uliweka vikwazo vya silaha dhidi ya makundi ya Ituri na Kivu zote mbili tarehe 28 Julai 2003. Ganda la mwaka 2005 likiokotwa mahali ambapo kundi lilipiga watu, hakuna wa kusema lilikuwepo kabla ya vikwazo. Mwaka 2006 kampeni ya Control Arms ilitangaza kwamba masasi yaliyotengenezwa Ugiriki, China, Urusi na Marekani yamekutwa kwa waasi wa Ituri. Hiyo haikuonyesha kwamba nchi hizo ziliyatuma Bunia. Ilionyesha kwamba kati ya kiwanda na msitu kuna mnunuzi wa kwanza, na huyo ana jina ndani ya hati fulani.

Hati hizo nazo hazikai milele. Mapatano ya 2005 yanaomba nchi zitunze hati za utengenezaji walau miaka 30, na hati nyingine, kama za kuingiza na kutoa silaha, walau miaka 20. Silaha iliyouzwa wakati vita vya Ituri vinaanza 1999, muda wa hati zake za mauzo umekwisha pita. Katika kazi ya kunyang'anya silaha ya 2004 na 2005, zaidi ya wapiganaji 15,000 walipita kambini Ituri, na silaha hazikufika nusu ya idadi yao. Zile ambazo namba zao hazikufuatiliwa wakati ule, leo ni kazi bure kuziuliza.

Kwa hiyo kinachotokea siku ya kurudisha silaha, mbele ya P-DDRCS, jeshi na wakubwa wa vijiji, ndicho kina uzito: kupiga picha kila upande wa bunduki kabla haijachomwa, kuandika aina, kiwanda, namba na alama za kuingia nchini, na kuweka masasi pembeni badala ya kuyamwaga pamoja ndani ya gunia. Hata namba iliyofutwa kwa tupa haijapotea kabisa, kwa sababu nyundo ya kiwanda inaminya chuma mpaka chini ya alama, na maabara inaweza kuirudisha kwa asidi. Oditora wa kijeshi anayetafuta aliyegawa silaha anaweza kuhitaji chuma hicho siku moja. Kikishachomwa, hakuna cha kupeleka maabara.

Kuna sababu nyingine ambayo wakubwa hawapendi kuitaja. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba sehemu ya silaha za makundi inatoka ndani ya FARDC yenyewe, kwa kuuzwa, kuibwa ao kutekwa vitani. Tangu Desemba 2022, kwa azimio 2667, anayeiuzia serikali ya Kongo silaha halazimiki tena kuijulisha kwanza kamati ya vikwazo ya Baraza la Usalama. Kinshasa ilidai haki hiyo kwa miaka mingi, na ni haki ya nchi yoyote. Ila sasa daftari la nani amepokea bunduki gani liko Kinshasa peke yake, pamoja na mashine za tume ya taifa ya silaha ndogo za kupiga alama. Bunduki yenye alama ya Kongo ikikutwa kesho kwa CODECO ao kundi lingine, namba yake itaonyesha kikosi kilichoipokea. Itabaki kujua kama kuna mtu atakayefungua daftari na kumwita komanda wa kikosi hicho.